Pujini: Boma la Mkama Ndume na Simulizi ya Waliobeba Mawe

Ukitaja ngome katika pwani yetu, wengi hufikiria Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au Ngome Kongwe ya Forodhani, Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya Mreno kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Hata Gereza la Kilwa Kisiwani lina historia ya Mreno ndani yake, tangu mwaka 1505. Mwanafunzi wa Mtambile, kusini mwa Pemba, anaweza kumaliza skuli akiamini kwamba ngome zote zililetwa na merikebu za wageni. Na hali safari fupi ya gari tu kutoka kwao kuna boma la karne ya 15, lililosimamishwa na watu wa kisiwa hichohicho kabla Vasco da Gama hajapita katika maji haya mwaka 1498. Hilo ndilo boma la Pujini, ambalo kila Mpemba mtu mzima amelisikia kwa jina la mwenyewe: kwa Mkama Ndume.

Mtambile ni mahali pazuri pa kuanzia safari hiyo. Mji mdogo huu umekaa kwenye barabara kuu itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake, na hapo ndipo abiria wa Kengeja wanapokata kuelekea kusini. Anayekwenda Pujini hushika upande wa kaskazini. Barabara inapanda na kushuka vilima, mabonde ya mpunga yako chini na mikarafuu iko juu, na msimu wa mavuno ukifika karafuu huanikwa kwenye mikeka hadi harufu yake inamfuata abiria ndani ya gari. Lakini msafiri aliyekwenda kutafuta historia na akumbuke jambo moja: waliojenga Pujini hawakuwahi kuuona mkarafuu. Zao hilo limekuja katika karne ya 19. Pemba ya Mkama Ndume ilikuwa Pemba ya mpunga, mifugo, samaki na miti ya kujengea, kisiwa ambacho Waarabu wa kale walikiita al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na ambacho kwa karne nyingi kiliilisha Mombasa.

Kabla ya kuingia mjini Chake unakata kulia kuelekea pwani ya mashariki, na safari inamalizikia kwenye njia ya udongo. Masika njia hizi hazina huruma. Afadhali kwenda kiangazi.

Anayetarajia kuta ndefu kama za Mombasa atasimama pale na kuuliza ngome iko wapi. Iko mbele yake, ila imevaa majani. Ni tuta kubwa la udongo lililozunguka kiwanja, na nje ya tuta kuna handaki lililochimbwa ili adui asikaribie kirahisi. Sehemu nyingine za tuta zilijengewa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miji mingi ya Waswahili ya zama hizo ilikuwa na misikiti ya mawe, makaburi ya minara na nyumba za kifahari, na baadhi yake, kama Gede, ilizungushiwa kuta. Lakini boma la tuta na handaki kama hili ni nadra mno katika pwani nzima. Upande wa bahari kuna hori lenye mikoko, ambamo maji yakijaa vyombo vingeweza kusogea karibu. Mwenye boma alitaka bahari iwe karibu naye, na wakati huohuo alitaka awe na uwezo wa kuifungia mlango.

Kitu ambacho wageni hukikumbuka zaidi ni kisima. Kimegawanywa kati kwa ukuta. Upande mmoja hakuna njia ya kushuka, maji huvutwa kwa ndoo na kamba. Upande wa pili kuna ngazi za mawe za kuteremkia. Wenyeji husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasioelewana hata kidogo, naye akaona bora awatengee maji kuliko kuamua ugomvi kila asubuhi. Mmoja alivuta kwa kamba, mwenziwe alishuka ngazini na kuchota kwa kata, na ukuta ukahakikisha hawaonani nyuso. Sioni sababu ya kuicheka simulizi hii. Kisima kilichogawanywa kinataka maelezo, na waliokaa na kisima hicho miaka mia tano wametoa maelezo ya watu wanaojua nyumba ya wake wengi inavyokwenda. Huenda ukuta ule ulikuwa wa kutenganisha maji ya kunywa na ya kuogea, au maji ya mabwana na ya watumishi. Vyovyote iwavyo, aliyeujenga alikuwa na watu ndani ya boma lake ambao hawakutakiwa kukutana.

Simulizi ya pili ni nzito zaidi. Mkama Ndume, ambaye jina lake la kuzaliwa husemwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman, anatajwa kuwa mtawala katili kupita kiasi. Inasemwa aliwalazimisha watu wake kubeba mawe kichwani huku wakijiburura kwa makalio, bila ruhusa ya kusimama, mpaka boma likakamilika. Kila mzee ana namna yake ya kuikoleza, lakini mawe na kujiburura havikosekani.

Wageni walioandika juu ya Pujini waliipokea simulizi hiyo bila taabu. Francis Pearce, aliyekuwa Rezidenti wa Kiingereza Zanzibar, aliyaeleza magofu haya katika kitabu chake cha mwaka 1920, na kama wengi wa zama zake alidhani kwamba majengo ya namna hii hayangeweza kutoka katika mikono ya wenyeji, akawapa sifa Waajemi. Hivyo Mpemba akabakishiwa sehemu mbili tu katika historia ya kisiwa chake: kupigwa na kubeba mawe. Fikra zilizowekwa na mkoloni namna hii huchukua muda mrefu kung'oka, na bado unaweza kuzisikia kwa waongoza watalii.

Aliyeigeuza habari hiyo ni mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefukua Pujini katika miaka ya 1990. Kazi yake ililiweka boma katika karne ya 15, likiwa makazi ya Waswahili wenye nguvu, na hakuishia kwenye kuta. Alijiuliza pia ni kiasi gani cha simulizi na cha maandishi ya Wareno kinaweza kuaminiwa. Katika yote yaliyofukuliwa, kinachonisimamisha mimi kila nikikisoma ni chumba kidogo kilicho chini ya ardhi, kinachofikiwa kwa ngazi. Ukutani mwake kulikutwa umbo la siwa, baragumu kubwa ya kifalme, lililofinyangwa kwa lipu na kutokeza nje ya ukuta.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Siwa katika pwani yetu si chombo cha muziki wa kawaida. Siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, zilikuwa mali ya utawala. Zilipigwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, na asiye na haki nazo hakuzigusa. Siwa hupigwa hadharani, isikike mji mzima. Sasa mwenye Pujini akaichora chini ya ardhi, ndani ya chumba ambacho watu wachache tu wangeweza kuingia. Maana yake ni kwamba utawala wake haukutegemea fimbo peke yake. Ulikuwa na ibada zake, siri zake, na alama ambazo watu wa pwani nzima wangezitambua. Mtu katili tupu hahitaji kuifinyanga siwa kwa uangalifu namna ile mahali pasipofika jua.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema simulizi ya mawe itupwe sasa kwa kuwa wasomi wamekuja na majembe yao. Fikiria kazi yenyewe. Handaki lilichimbwa kwa mikono. Udongo ulibebwa kwa vikapu hadi ukawa tuta. Mawe ya matumbawe yalichongwa, yakabebwa hadi kiwanjani. Chokaa ilipatikana kwa kurundika magogo, kuweka mawe juu yake na kuchoma, na kila tanuri lilimaliza miti mingi. Baada ya hapo kuna kisima, ngazi, chumba cha chini, lipu. Watu waliofanya kazi hiyo hawakuandika jiwe la kumbukumbu. Walichokiacha ni habari ya kujiburura kwa makalio, nayo imefika kwetu kutoka kwa mama hadi mtoto. Kama kweli walijiburura au walitembea, sehemu ya habari iliyo muhimu haibadiliki: kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na waliopewa kazi hiyo hawakuulizwa. Boma lina ushahidi wa bwana, simulizi ina ushahidi wa mbebaji, na historia ya Pemba inawataka wote wawili.

Maandishi ya Wareno nayo yapimwe vivyo hivyo. Duarte Barbosa, aliyeandika katika miaka ya 1510, aliieleza Pemba pamoja na Unguja na Mafia kuwa visiwa vya neema: mchele, nyama, machungwa na malimau, wafalme waliovaa hariri na pamba iliyonunuliwa Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay ya India, na wanawake wenye vipuli na bangili za dhahabu ya Sofala. Akaongeza kwamba wenyeji wake ni dhaifu na wana silaha chache. Ukiwa umesimama juu ya tuta la Pujini, maneno hayo ya mwisho hayaingii akilini. Watu wasiojua vita hawachimbi handaki. Mwenye boma alikuwa na adui, awe wa kisiwani au wa ng'ambo, na alijiandaa kwa ajili yake zamani kabla ya mizinga ya Mreno kusikika Mombasa na Kilwa mwaka 1505.

Wala Pujini haikuota peke yake porini. Yaqut, mwanajiografia wa Kiarabu aliyefariki mwaka 1229, alitaja miji miwili ya Pemba, kila mmoja na sultani wake. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake, kuna msikiti mkubwa na makaburi ya minara, na wataalamu wengi wanapahusisha na Kanbalu aliyoitaja mwandishi wa Kiarabu al-Masudi katika karne ya 10. Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, mwaka 1984 ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, pamoja na dinari za dhahabu. Chwaka ya Tumbe, kaskazini, kuna magofu yanayohusishwa na Haruni, ambaye simulizi humwita mwana wa Mkama Ndume. Kisiwa hiki kilikuwa na wafalme wengi, matajiri, wenye kushindana. Boma la Pujini ni zao la mashindano hayo.

Leo magofu yako chini ya mamlaka ya mambo ya kale ya Zanzibar. Ulinzi wa karatasi, hata hivyo, hauzuii mizizi kupasua ukuta wala mvua kuteremsha tuta kidogo kidogo, na udongo ukiteremka handakini haurudi wenyewe. Mgeni anaweza kusaidia au kuharibu. Asipande juu ya tuta panapobomoka, asichukue kigae wala kipande cha lipu, na akikuta ubani au alama ya mtu aliyekuja kuomba, aache kama alivyokuta, kwa sababu mahali hapa bado pana wenyewe. Atangulie kubisha hodi kijijini, aombe mzee wa kumfuatisha, na amlipe kwa heshima. Bila mzee ataona udongo na mawe tu.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wa Mtambile, Kengeja na Mkoani. Kila mwaka skuli hukusanya fedha za kuwapeleka watoto Unguja kuitazama Ngome Kongwe, na safari hiyo ni njema. Lakini wapelekeni Pujini kwanza. Washushwe ngazi za kile kisima, waoneshwe handaki, kisha waambiwe wakirudi nyumbani wawaulize bibi zao habari za Mkama Ndume na waziandike daftarini, kwa maana wazee wanaoijua simulizi hii kwa ukamilifu wake wanapungua.