Wauaji wa West Port na Mnunuzi Wao

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1827, mzee mmoja jina lake Donald, askari mstaafu, alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba mwili katika nyumba ya kulaza wageni mtaani West Port, katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Hakuuawa na mtu. Kosa lake lilikuwa kufa kabla ya kupokea malipo yake ya uzeeni, na huku anadaiwa pauni 4 za kodi. Mdai wake, William Hare, alifanya shauri na mpangaji wake, William Burke. Walijaza magome ya miti katika jeneza, jeneza likaenda kuzikwa, na mzee akabaki nyumbani. Usiku walikwenda Surgeons' Square, penye madarasa ya waganga, wakaiuza maiti kwa pauni 7 na shilingi 10. Kwa maelezo ya Burke mwenyewe, wasaidizi waliowapokea waliwaaga kwa kusema kwamba wangefurahi kuwaona tena wakipata nyingine.

Watu hao wawili walitoka kaskazini ya Ayalandi, wakavuka bahari kutafuta kazi, na walikuwa miongoni mwa vibarua wa mfereji wa Union, uliofunguliwa mwaka wa 1822. Hare alikaa na mjane aliyerithi nyumba ya wageni. Burke alishona viatu vikuukuu na kuishi na mwanamke aitwaye Helen McDougal. Burke alijulikana kwa ucheshi na maneno matamu, Hare kwa ugomvi. Tabia zao hazielezi mengi. Katika vichochoro vile walikuwapo wagomvi na wacheshi wengi ambao hawakuua mtu.

Linaloeleza zaidi ni ile bei. Edinburgh ya zama hizo ilivuta wanafunzi wa uganga kutoka pande nyingi, na kila mmoja alitaka kujifunza viungo vya mwili kwa kisu mkononi mwake. Sheria ya mwaka wa 1752 iliwapa waganga maiti za wauaji walionyongwa, nazo zilikuwa chache mno kwa mahitaji yao. Upungufu huo ulizaa wezi wa makaburini. Jamaa za marehemu walifunika makaburi kwa vizimba vya chuma, na katika viwanja vya makanisa ikajengwa minara ya walinzi. Daktari Robert Knox, mwalimu hodari na msemaji mwenye mvuto, alikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Aliwaahidi kufundisha juu ya maiti, na ahadi hiyo ilihitaji bidhaa. Hakuuliza sana bidhaa itokako. Ni haki kusema kwamba wenziwe nao hawakuuliza, kwa maana aulizaye angepata jibu la kumfungia darasa. Bei ilikuwa pauni 10 majira ya baridi na pauni 8 wakati wa joto, fedha ambayo kibarua hakuipata kwa jasho la wiki nyingi.

Baada ya Donald, Burke na Hare hawakungoja tena ugonjwa. Kwa muda wa mwaka mmoja usiotimia waliua watu 16. Njia ilikuwa karibu ile ile kila mara: mgeni alikaribishwa, akaleweshwa wiski, kisha akazibwa pumzi, na mwili haukuonyesha jeraha. Waliouawa walikuwa wapita njia, wazee, wanawake wa mitaani, watu ambao kutoweka kwao hakukuleta askari mlangoni. Abigail Simpson alikuwa amekuja mjini kuchukua kijipensheni chake. Mary Paterson alikuwa kijana na mzuri wa sura. Mmoja wa wanafunzi alimtambua mezani, na Burke alisema maiti yake ilihifadhiwa katika wiski miezi mitatu kabla ya kupasuliwa.

James Wilson ndiye aliyepaswa kuikomesha biashara hiyo. Alikuwa kijana wa miaka 18, mwenye upungufu wa akili na miguu yenye kilema, akitembea pekupeku mjini, na watoto na wakubwa wakimjua kwa jina. Hakupenda sana pombe. Kwa hiyo alipigana, na ilibidi wauaji wote wawili wamshike. Alipofikishwa darasani, wanafunzi walimjua. Habari zilizoenea baada ya kesi zilisema kwamba Knox alikana kuwa ni yeye, na kwamba kichwa na miguu yake vilitengwa na mwili mapema. Hata kama sehemu ya habari hiyo ni maneno ya mtaani, jambo moja halikanushiki: mtu aliyejulikana na mji mzima alilala mbele ya watu wenye elimu, na hakuna aliyekwenda polisi.

Aliyekwenda polisi alikuwa mtu asiye na kitu. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1828, Burke alimuua mwanamke wa Ayalandi, Margaret Docherty, aliyemvuta nyumbani kwa kudai kwamba mama yake naye alikuwa wa ukoo wa Docherty. Wapangaji wake, James Gray na mkewe Ann, waliikuta maiti chini ya majani makavu. Helen McDougal aliwaahidi fedha ambayo ingeweza kufika pauni 10 kwa wiki, ili wanyamaze. Gray alikataa, akaenda kushtaki. Siku ya pili yake maiti ilipatikana kwa Knox, ndani ya sanduku.

Ushahidi ulikuwa haba, kwani waganga hawakuweza kuapa kwamba mwanamke yule alikufa kwa mkono wa mtu. Serikali ikamsamehe Hare ili amshuhudie mwenziwe. Kesi ilianza tarehe 24 Desemba, ikakesha usiku kucha, na asubuhi ya Krismasi watu 15 wa baraza waliamua kwa muda wa dakika 50 kwamba Burke ana hatia. Juu ya McDougal walisema haikuthibitika. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya maelfu ya watu, na kwa amri ya mahakama akapasuliwa hadharani na Profesa Alexander Monro. Mifupa yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Yasimuliwa kwamba gerezani alilalamika kuwa Knox hajammalizia pauni 5 za maiti ya Docherty. Katika lalamiko hilo hamna mzaha. Ni mchuuzi anayemdai mteja wake. Hare aliachiwa, akaponea chupuchupu mikononi mwa umati wa Dumfries, na akaonekana mara ya mwisho karibu na Carlisle.

Knox hakushtakiwa, wala hakuitwa kutoa ushahidi. Umati ulichoma sanamu yake na kuvunja madirisha ya nyumba yake, lakini kamati iliyochunguza mwenendo wake ilimwona kuwa mzembe tu katika kupokea maiti. Baadaye alihamia London, akafa mwaka wa 1862. Msomaji wa Afrika ana sababu nyingine ya kulikumbuka jina hilo. Knox aliwahi kuwa mganga wa jeshi katika Rasi ya Afrika Kusini, na mwaka wa 1850 alitoa kitabu juu ya mataifa ya wanadamu, akidai kwamba asili ya damu ndiyo iamuayo kila jambo.

Mwaka wa 1831 wauaji wengine, Bishop na Williams, waliiga biashara ya West Port huko London, na Bunge likashtuka. Sheria ya mwaka wa 1832 ilikomesha kupasuliwa kwa wauaji. Badala yao waganga walipewa maiti za watu waliofia katika hospitali na nyumba za maskini bila jamaa wa kuwadai. Wizi wa makaburini ulikwisha, na nyumba za maskini zikaogopwa zaidi ya zamani. Mzee Donald, kama angalikufa miaka mitano baadaye katika mojawapo ya nyumba hizo, angalipelekwa Surgeons' Square mchana, kwa hati iliyotiwa sahihi.