Methali na Malezi: Urithi wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Kuitafuta hekima ya wahenga katika orodha za methali ni kuitafuta mahali ambapo haikukaa. Methali ilitamkwa penye jambo, na mtu aliyemjua anayeambiwa. Ikinyofolewa hapo hubaki kauli tupu; ndiyo maana "Mvumilivu hula mbivu" hupingwa papo hapo na "Ngoja ngoja huumiza matumbo".

Aniceti Kitereza (1896–1981), Mkerewe wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikusanya ngano na methali za watu wake, kisha akaandika riwaya kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945. Humo Myombekere na Bugonoka, waliokosa mtoto, wanasimangwa na jamaa. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere anawaendea wakwe, anatozwa pombe, anamrudisha mkewe. Uvumilivu hapo si neno la kukariri, bali ni mwenendo unaoonekana hatua kwa hatua.

Kitereza na mkewe nao hawakubakiwa na mtoto. Malezi ambayo mzazi humwachia mwanawe yeye aliyaachia kitabu. Kwa kukosa mchapishaji wa Kikerewe, alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata kabla hajakishika mkononi.

Hivyo Kiswahili kilihifadhi mafunzo ambayo lugha yake ya asili haikupewa nafasi ya kuyachapisha. Deni hilo linawadai wanafunzi wa Kiswahili: kuirudisha methali penye tukio lake kabla ya kuifanya dira ya maisha.