Mtamba, Mbuguma na Maksai: Historia ya Modeli za Bei ya Ng'ombe tangu 1938

Mwaka 1938 ulishuhudia matukio mawili ambayo wahusika wake hawakujuana. Nchini Marekani, mwanauchumi Mordecai Ezekiel alichapisha makala iliyoipa umaarufu nadharia ya utando wa buibui, yaani maelezo ya namna bei za mazao na mifugo zinavyopanda na kushuka kwa mzunguko. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilianza kuwapunguzia Wakamba wa Machakos mifugo yao kwa nguvu. Hoja iliyotolewa ni mmomonyoko wa udongo. Lakini wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikiwekwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, ingawa upunguzaji wa lazima nao ulisitishwa kabla ya mwaka kwisha.

Msingi wa hatua hiyo ulikuwa dhana kuhusu bei. Mnamo 1926 Melville Herskovits alikuwa ameeleza nafasi ya ng'ombe katika ndoa, mila na heshima za jamii za Afrika Mashariki. Maelezo hayo yalipoingia katika fikra za watawala yaligeuka hukumu: kwamba mfugaji Mwafrika haongozwi na soko, na kwamba bei ikipanda huleta mnadani mifugo michache zaidi kwa kuwa fedha anazozihitaji hupatikana upesi. Inafaa kukiri kwamba jambo lenyewe, la mifugo kupungua mnadani bei inapopanda, halikuwa uzushi. Kosa lilikuwa katika sababu iliyotajwa.

Nadharia ya utando wa buibui nayo isingeweza kulisahihisha kosa hilo. Mizizi yake ilikuwa katika utafiti wa Arthur Hanau kuhusu bei za nguruwe nchini Ujerumani, uliochapishwa 1928. Mfugaji huitazama bei ya leo, huzalisha kwa wingi, kisha wote hufika sokoni pamoja na bei huanguka. Kwa nguruwe, ambaye hufaa kuuzwa baada ya miezi michache, maelezo hayo yana mashiko, japo Ronald Coase na Ronald Fowler waliyapinga mapema, 1935, wakisema yanamfanya mfugaji kuwa mtu asiyejifunza kutokana na makosa yake. Kwa ng'ombe kuna tatizo kubwa zaidi. Ng'ombe jike hubeba mimba kwa takriban miezi 9, na ndama wake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa au kufaa kuchinjwa. Tena jike huyohuyo ni nyama anapouzwa leo, na ni chanzo cha ndama anapobakizwa.

Hoja hii ndiyo Lovell Jarvis aliyoijenga kikamilifu mwaka 1974, akitumia data za Argentina. Alimchukulia ng'ombe kuwa mtaji na mfugaji kuwa msimamizi wa mali. Bei ikipanda na kutarajiwa kudumu, thamani ya ndama wajao hupanda pia, hivyo mfugaji humzuia jike asiende machinjioni. Kwa muda mfupi ugavi hupungua, na bei huzidi kupanda. Hivyo tabia iliyoitwa ukaidi kule Machakos ilionekana kwa wenye ranchi wa Argentina, na huko ikaitwa hesabu! Mwaka 1994 Sherwin Rosen, Kevin Murphy na José Scheinkman walionyesha kwamba hata mzunguko wa takriban miaka 10 katika idadi ya ng'ombe wa Marekani unaweza kuelezwa kwa uamuzi wa busara pamoja na ucheleweshaji wa kibayolojia, bila kumdhania mfugaji ujinga.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika moja kwa moja. Modeli ya Jarvis huwatenganisha ng'ombe kwa jinsi na umri, na lugha imekwisha kuwatenganisha: mtamba hajazaa, mbuguma amekwisha kuzaa, fahali hupanda, maksai amehasiwa na hatima yake ni kuuzwa au kukokota. Jedwali la bei linaloandika "ng'ombe" tu huufuta utofauti ambao utabiri unautegemea. Chukulia mnada wa ng'ombe 10 ambapo maksai huuzwa shilingi 60,000 na mbuguma 40,000. Wakiuzwa maksai 8 na mbuguma 2, wastani ni 56,000. Ukame ukianza, wakauzwa maksai 4 na mbuguma 6 kwa bei zilezile, wastani huwa 48,000. Mshauri wa sera atasoma anguko la bei, ilhali hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeshuka thamani. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani auzwe.

Uamuzi huo ni taarifa nzito kuliko wastani wenyewe. Mfugaji anayemtoa maksai anatafuta fedha za matumizi. Anayemtoa mtamba wakati malisho yamekauka anauza ndama wa miaka ijayo. Mitamba wanapoongezeka mnadani, bei ya sasa hushuka kwa sababu ya wingi, na mvua zikirejea hupanda kwa kasi kwa kuwa majike wa kuzaa ni wachache na kila mwenye zizi anataka kumbakiza wake. Afisa wa mnada anayejaza safu ya mtamba kando ya safu ya maksai huyaona yote mawili wiki ileile yanapoanza.