Besi ya Masoko na Vigingi Vinne

Vyombo ni vya nani? Muziki wetu wa dansi umeishi na swali hilo tangu enzi za bendi za mashirika. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi, TTTS; kampuni ilipoishiwa nguvu mwaka 1983, bendi ikachukuliwa na DDC. Mpiga besi aliweza kuwa mkali, mji mzima unamjua, lakini akihama bendi anatoka na vidole vyake tu. Besi inabaki stoo kwa mwenye mali.

Ndiyo maana kijana wa Masoko, huku Rungwe, akiamua kuchonga besi yake mwenyewe, mimi simwoni kama mtu anayecheza. Masoko iko kando ya lile ziwa la kreta ambamo, kwa simulizi za wazee, Wajerumani walitupa hela na silaha zao wakati wa Vita ya Kwanza. Chuma kimo majini, wanasema. Vigingi vya besi havimo!

Na tatizo ni hivyo vigingi. Mwili utauchonga, shingo utainyoosha kwa randa. Lakini vile vidude vinne vya kichwani vya kukazia nyuzi, utavitoa wapi? Ng'ambo ya mto Songwe, kwa jirani zetu wa Malawi, mafundi walilizunguka tatizo. Babatoni yao ni besi ndefu ya waya mmoja tu. Gasper Nali wa Nkhata Bay anayo ya mita tatu hivi. Anaichapa kwa kijiti huku chupa tupu ikiteleza juu ya waya kutafuta sauti. Ukinisikia nacheka, ni kwa raha.

Ila anayetaka nyuzi nne hana njia ya mkato. Udi wa Zanzibar una vigingi vya mbao vinavyoshika kwa msuguano, na vinautosha. Besi ni habari nyingine. Leo Fender alipotoa Precision Bass huko California mwaka 1951, aliiwekea nyuzi nene za chuma, urefu wa inchi 34 toka kichwani hadi kwenye daraja. Nyuzi nne za namna hiyo huvuta kwa pamoja kilo 70 na ushei. Kinachozizuia ni parafujo inayosukuma gurudumu la meno: parafujo hugeuza gurudumu, gurudumu haligeuzi parafujo.

Basi unatafuta besi iliyokufa, unang'oa vyake. Vya gitaa la kawaida achana navyo. Nguzo zake ni nyembamba, waya wa E haukai. Angalia pia mpangilio: Fender alipanga vyote vinne upande mmoja, besi nyingine zina viwili huku na viwili kule, na vya kushoto si vya kulia. Vipime uzito mkononi. Vikiwa vizito mno, kila ukiachia shingo, kichwa kinakwenda chini kama ndizi iliyokomaa.

Halafu pima unene wa nguzo pamoja na bushi yake kabla hujashika keekee, maana matundu ya besi hayalingani. Tundu dogo utalipanua kwa tupa ya duara, taratibu. Likizidi, unaziba kwa kipande cha mbao ileile, unasubiri gundi ikauke, unatoboa upya.