Miadi na nyota zinazolipuka

Mwandishi wa habari akimwendea mhariri wake kuomba gari la kwenda kwenye ajali, ataulizwa mara moja: ajali hiyo imetokea wapi? Akijibu kwamba bado haijatokea, ila ana hakika itatokea mahali fulani mwezi ujao, gari hatapewa. Huenda akapewa likizo.

Hayo ndiyo yaliyowakuta wataalamu wa nyota katika miaka ya 1980. Tangu mwaka 1929, Edwin Hubble alipochapisha vipimo vyake, ilijulikana kuwa galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana. Wengi waliamini kuwa mwendo huo unapungua, kama jiwe lililorushwa juu. Swali likawa: unapungua kwa kiasi gani, na je, ipo siku utasimama?

Kipimo kilikuwapo. Kuna aina ya nyota zilizokufa ambazo, zikilipuka, mwanga wake hukaribiana sana. Taa zote zikiwa za nguvu moja, ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Taabu ni kwamba katika galaksi moja milipuko hiyo ni michache tu kwa miaka elfu. Ikitokea, hung'aa na kufifia katika wiki chache. Nazo darubini kubwa za dunia huombwa miezi sita au zaidi kabla, na kamati hutaka kujua utatazama nini, wapi na usiku gani.

Kundi moja lililotumia darubini ya Denmark iliyoko La Silla, nchini Chile, lilikesha kwa miaka miwili. Mwaka 1988 likapata mlipuko mmoja tu wa kufaa kwa mbali, nao ulikuwa umekwisha kupita kilele chake.

Huko Berkeley, California, Saul Perlmutter na wenzake walikuwa wameanza safari yao. Waliunda kamera yenye uwezo wa kuchukua eneo pana la anga kwa picha moja, wakaifunga kwenye darubini ya Anglo-Australian yenye kioo cha mita 3.9. Hali ya hewa ikawaangusha. Hawakupata mlipuko hata mmoja wa kuthibitishwa. Wakahamia La Palma, katika visiwa vya Canary, na mwaka 1992 wakapata wa kwanza. Miaka ilikuwa imekwenda, na wenye fedha walikuwa wakiuliza maswali.

Kilichowaokoa ni kalenda. Mvuvi wa dagaa wa pwani yetu anajua kuwa mbalamwezi ikiwaka, taa yake haina kazi. Darubini nayo hutaka giza. Basi wakapanga hivi: mwezi ukiandama tu, wapige picha za sehemu walizochagua za anga. Wiki tatu hivi baadaye, kabla tu ya mwezi mwingine kuandama, wapige zilezile tena. Kompyuta itoe picha ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ni kigeni.

Kwa nini wiki tatu? Kwa sababu mlipuko huchukua muda wa karibu na huo kufika kileleni. Ambao haukuwapo mwanzo na sasa upo, bado unapanda au ndiyo kwanza umefika. Na kwa nini kabla ya mwezi kuandama? Ili siku za giza zinazofuata zitumike kuuchunguza.

Hapo ndipo upana wa kamera ulipolipa. Galaksi moja ungeisubiri karne nzima. Lakini kwenye darubini ya mita 4 ya Cerro Tololo, Chile, kila picha ilinasa karibu galaksi elfu moja, na katika siku chache walipiga picha 50 hadi 100. Katika umati wa namna hiyo, jambo lisilotabirika kwa mmoja huwa la hakika kwa wote.

Sasa wakaweza kuiandikia kamati: nyota hatuzijui, lakini tarehe tunaijua, na siku hiyo tutakuwa na milipuko ya kuwaonyesha. Wakapewa Keck ya Hawaii, yenye kioo cha mita 10, na hata darubini ya Hubble iliyoko angani. Wapinzani wao, kundi la Brian Schmidt, nao wakafuata njia kama hiyo.

Mwaka 1998 majibu yakatoka. Perlmutter alikuwa na milipuko 42 ya mbali, nayo ilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Kundi la Schmidt, ambamo Adam Riess aliongoza uchambuzi, likaona hayo hayo. Mwendo wa ulimwengu haupungui, unaongezeka! Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachousukuma kimepewa jina la nishati ya giza, na hadi leo hakuna anayejua ni nini.

Huko huko Chile imejengwa darubini ya Vera Rubin, yenye kioo cha mita 8.4, iliyoonyesha picha zake za kwanza mwaka 2025. Imekusudiwa kupiga picha anga yote ya kusini kila baada ya siku chache, kwa miaka kumi, na kompyuta ndiyo hupanga igeukie wapi.

Kupanga ni kuchagua, tumezoea kusikia. Watu hawa hawakuweza kuchagua nyota ya kulipuka. Walichagua usiku wa kuwa macho, na wakahakikisha kuwa wametazama mahali pengi vya kutosha.