Diǎn na xiǎoshí: saa katika Kichina

Kosa moja linalowaandama wanaojifunza Kichina ni kuchanganya diǎn, neno linalotaja saa inayosomwa ukutani, na xiǎoshí, linalopima muda unaotumika, ilhali sān diǎn ni wakati fulani wa siku na sān ge xiǎoshí ni urefu wa kazi au safari. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili mtego huu ni mkubwa, kwa kuwa "saa tatu" hubeba maana zote mbili, na tena hesabu yake huanzia macheo, hali Kichina cha leo huanzia usiku wa manane, hivyo saa tatu asubuhi huitwa jiǔ diǎn, yaani tisa. Xiǎoshí maana yake ni "saa ndogo", jina linaloeleweka vyema ikikumbukwa kwamba China ya kale iligawa usiku na mchana katika vipindi 12 vilivyoitwa shíchen, kila kimoja sawa na saa mbili za sasa.

Namba mbili nayo hubadilika: saa nane ni liǎng diǎn, si èr diǎn, ingawa saa sita hubaki shí'èr diǎn. Linalostahili kusahihishwa mapema kuliko yote, hata hivyo, ni mpangilio, kwani Kiswahili husema "nitakuja saa nane mchana", lakini Kichina hutanguliza sehemu ya siku, kisha saa, ndipo kitenzi: wǒ xiàwǔ liǎng diǎn lái.