Kufunga si kukaza

"Nimeshafunga, bado kukaza," alinijibu fundi kutoka chini ya gari. Nilikuwa nimeuliza kama linki mpya za stebilaiza ziko tayari. Kwetu sisi wa mezani vitenzi hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Gerejini kila kimoja kina zamu yake.

Kufunga ni kukiweka kifaa mahali pake na kuizungusha nati kwa mkono mpaka ishike. Kukaza ni nguvu ya spana, nayo wakati mwingine hucheleweshwa kwa makusudi. Linki yenye bushi za mpira haikazwi gari likining'inia juu ya jeki: likishushwa, mpira hubaki umejipinda na kuchakaa mapema. Kwanza matairi yabebe uzito, ndipo ukaze. Linki ya boljointi ina ukorofi wake. Stadi, yaani bolti yake, hupenda kuzunguka pamoja na nati, hivyo huzuiwa kwa spana ya pili. Nawe ukizidisha nguvu, meno ya bolti yanaliwa.

Neno kaza lina ukoo mpana. Kamba hukazwa, mwendo hukazwa, hata roho. Wanaisimu nao wana mkazo, ambao kwa maneno mengi ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. (Vijana wana "kaza buti", na siichukii.)

Ukitoka gereji na bado unasikia ko-ko-ko kwenye rasta za barabarani, rudi umuulize fundi: ulifunga, au ulikaza?